DAC ya Bei Nafuu: Tazama Matundu Kabla ya Chipu

Geuza televisheni bapa ya leo uitazame mgongoni. Matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti, yale tuliyoyazoea tangu enzi za deki za video, yanazidi kutoweka. Yakiwepo, mara nyingi ni ya kuingizia tu. Kilichobaki ni HDMI na kijitundu cha mraba chenye mwanga mwekundu ndani. Sasa geuza amplifaya ya zamani, ile Pioneer, Kenwood au Technics iliyoingia na kontena la mitumba na ambayo mpaka leo inapiga vizuri kuliko vifaa vingi vipya vya dukani. Huko nyuma ni nyekundu na nyeupe tupu, hakuna pa kuchomeka chochote cha kidijitali. Simu nazo zimeelekea hukohuko: Apple ilitoa iPhone 7 mwaka 2016 bila tundu la hedifoni, na kampuni nyingine nyingi zikafuata. Kati ya chanzo kinachotoa namba na amplifaya inayotaka umeme ndipo panapokaa kiboksi kinachouzwa kwa jina la DAC. Bei yake inaanzia dola chache na kupanda hadi maelfu ya dola, na mnunuzi anabaki ameshika pesa yake asijue aisimamishe wapi.

Muziki uliohifadhiwa kidijitali ni mlolongo wa namba. Kwenye CD zinasomwa namba 44,100 kila sekunde kwa upande wa kushoto, na idadi hiyohiyo kwa upande wa kulia, kila moja ikionyesha ngazi moja kati ya 65,536. Spika haijui namba. Inasukumwa na umeme unaopanda na kushuka, na kazi ya DAC ni kuzipokea namba hizo na kuzigeuza kuwa umeme huo. Kila kifaa kinachocheza wimbo kutoka kwenye faili kina DAC ndani yake: simu, kompyuta mpakato, king'amuzi, redio ya gari, hata sabufa la sebuleni lenye tundu la flashi. Kwa hiyo mtu anayeingia dukani tayari anazo DAC kadhaa nyumbani. Anachopaswa kujiuliza ni hiki: zilizopo zinashindwa wapi?

Msimamo wangu katika jambo hili ni huu: kwenye kundi la bei nafuu, DAC huchaguliwa kwa matundu yake, kwa usafi wa umeme wake na kwa volti inazotoa. Jina la chipu iliyomo ndani, ambalo ndilo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, liangaliwe mwisho kabisa. Najua wapo wapenzi wa muziki watakaolipinga hili kwa nguvu, kwa hiyo ni haki nieleze linatoka wapi.

Tuanze na historia. Sony walipoleta mashine ya kwanza ya CD sokoni Japani, CDP-101, Oktoba 1982, iliuzwa yeni 168,000, na kugeuza namba kuwa sauti safi ilikuwa kazi ngumu kweli. Philips, walioibuni CD pamoja na Sony, walianza na chipu ya biti 14 tu, wakaisaidia kwa kuzidisha kasi ya sampuli mara 4 ili ifikie ubora wa biti 16. Wakati huo mashine mbili zingeweza kutofautiana, na aliyelipa zaidi alikuwa na sababu. Miaka 40 na zaidi ya uhandisi imelimaliza tatizo hilo. Chipu za leo za ESS, Asahi Kasei, Cirrus Logic na Texas Instruments, hata zile za bei ya chini, zina kelele na upotoshaji mdogo kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo kwenye mnyororo wa sauti wa nyumbani.

Hesabu yenyewe ni rahisi. DAC nzuri ya bei nafuu huacha kelele na upotoshaji vikiwa takriban desibeli 100 chini ya muziki, na nyingi zinavuka hapo. Tuseme unasikiliza kwa sauti kubwa, vilele vya muziki vikifika desibeli 95 pale ulipokaa. Kelele ya DAC itakuwa chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu linaanza kusikia chochote. Wakati huohuo feni ya dari, friji na barabara ya nje vinakupa desibeli 30 au 40 bila kupumzika. Kelele ya DAC imefunikwa mara nyingi kabla haijafika sikioni.

Kisha tazama unachosikiliza. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz zilirekodiwa kwenye utepe wa sumaku, na utepe wa zama hizo, bila mitambo ya kupunguza kelele, huacha nafasi ya desibeli 60 hadi 70 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na ile shshsh ya utepe wenyewe. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, tunamsikia kupitia santuri za mizunguko 78 ambazo mchakacho wake ni mkubwa zaidi. Rekodi hizi ni hazina yetu na zinastahili kupigwa kwenye spika nzuri. Ila DAC ya dola 1,000 haina la kuziongezea ambalo DAC ya dola 80 imelikosa, kwa sababu kikomo kilishawekwa siku ya kurekodi.

Kuna ushahidi wa masikio pia. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, E. Brad Meyer na David Moran, walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walipigiwa diski za ubora wa juu, wakati mwingine moja kwa moja, wakati mwingine zikipitishwa kwanza kwenye kifaa kinachozigeuza kuwa namba za kiwango cha CD na kuzirudisha tena kuwa umeme. Katika majaribio 554, walijibu sawasawa mara 276. Hiyo ni nusu, sawa na kurusha sarafu. Wakosoaji walisema baadhi ya diski zile hazikuwa na ubora wa juu tangu studio, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti nyingi za namna hii na kukuta watu wanatambua tofauti kwa asilimia 52.3, zaidi kidogo ya kubahatisha. Kwa hiyo siwezi kusema hakuna anayesikia tofauti yoyote, popote. Ninachosema ni kwamba tofauti inayohitaji maelfu ya majaribio ili ionekane haipaswi kuwa ya kwanza kula bajeti ya familia.

Mbona basi watu wengi waaminifu wanabadilisha DAC na kusikia muziki umefunguka? Sababu ya kwanza ni sauti kubwa. Kiwango cha kawaida cha DAC ya mezani ni volti 2 kwenye matundu ya RCA, yale mekundu na meupe. Ikiwa nyingine inatoa volti 2.3, hiyo ni desibeli 1.2 zaidi. Sikio halitaisikia kama ongezeko la sauti. Litaisikia kama uhai, besi iliyojaa, waimbaji waliosogea mbele. Anayetaka kulinganisha kwa haki achukue mita ya umeme, apige toni ya hezi 100 hivi (mita za bei rahisi zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani, kwenye toni za juu hudanganya), apime volti kwenye vituo vya spika kwa DAC ya kwanza, kisha arekebishe ya pili hadi zilingane kwa tofauti isiyozidi asilimia 1. Halafu mtu mwingine abadilishe waya bila yeye kuona. Nusu saa ya zoezi hili inafundisha kuliko mwezi mzima wa kusoma sifa za vifaa.

Hata hivyo DAC mbaya zipo, na matatizo ya kweli yapo. Hayako pale matangazo yanapoelekeza, basi.

La kwanza ni mvumo. Unganisha kompyuta mpakato na DAC kwa USB, DAC na amplifaya kwa RCA, kisha chomeka chaja ya kompyuta ukutani. Kwenye nyumba nyingi hapo ndipo unapoanza mvumo mzito, au mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya au kufungua dirisha jipya. Chomoa chaja, mlio unakata. Muziki wenyewe haujaguswa na kitu. Mkondo mdogo unaovuja kutoka kwenye chaja unapita kwenye waya wa USB, unaingia kwenye DAC, unashuka na waya wa RCA hadi kwenye amplifaya ukitafuta njia ya kwenda ardhini, na amplifaya inaukuza pamoja na wimbo. DAC ya bei kubwa inaweza kupata ugonjwa huohuo. Anza kwa kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, hapo ndipo kebo ya optiki, ile ya kijitundu cha mraba chenye mwanga, inapolipa gharama yake: inapitisha mwanga tu, haina shaba ya kubeba umeme kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, na mvumo wa njia hiyo unakosa pa kupita. Fundi akikwambia dawa ni kukata pini ya athi kwenye plagi, kataa. Pini ile ipo ili bodi la chuma la kifaa kibovu lisikuue.

Kwa hiyo DAC yenye tundu la optiki pamoja na USB ina thamani kubwa kuliko yenye USB peke yake, hata kama chipu ya hiyo ya pili ni ya kisasa zaidi. Koaksia, njia nyingine ya kidijitali, nayo ni nzuri, lakini ni shaba. Inaweza kubeba mvumo uleule.

La pili ni televisheni, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vifaa vingi vizima vinaporudishwa dukani vikidaiwa ni vibovu. Kebo mpya ya optiki huja na vifuniko vidogo vya plastiki vinavyong'aa kwenye ncha zake zote mbili. Ni vya kulinda ncha na lazima vitolewe. Ukivisahau, kebo haiingii sawasawa na mwanga haufiki. Ukishachomeka, nenda kwenye menyu ya sauti ya televisheni, tafuta mpangilio wa utoaji wa kidijitali, uweke PCM. Ukiuacha kwenye Dolby Digital au kwenye chaguo la kujiamulia, filamu ikianza televisheni itatuma lugha ambayo DAC nyingi za bei nafuu haziielewi, na utapata ukimya au mikwaruzo wakati taarifa ya habari iliyotangulia ilisikika bila shida. Jambo jingine: kwenye televisheni nyingi, rimoti yake haipunguzi sauti inayotoka kwa njia ya optiki. Kama bibi yuko sebuleni na amplifaya haina rimoti, kila tangazo la kelele litamwinua kitini. Kwa nyumba kama hiyo, DAC yenye rimoti na kidhibiti cha sauti ni lazima, na inastahili dola 40 au 50 za ziada kuliko chipu yoyote. Vifaa vyenye HDMI ARC hutatua jambo hili vizuri zaidi kwa sababu rimoti ya televisheni inaendelea kufanya kazi.

La tatu ni volti. Kidongo cha Apple kinachogeuza USB-C kuwa tundu la hedifoni kiliuzwa dola 9, na kimepimwa kikiwa na kelele na upotoshaji takriban desibeli 99 chini ya muziki. Kwa vipimo, hiyo ni DAC kamili. Udhaifu wake ni nguvu: toleo la Marekani hutoa volti 1 hivi, lile la Ulaya nusu yake, na kwenye simu nyingi za Android sauti hubaki chini hata ukiipandisha hadi mwisho. Ukikichomeka kwenye iPhone yenye USB-C au kompyuta, na waya wa kutoka pini ya hedifoni kwenda RCA, ni kuongeza kitufe cha amplifaya kidogo tu na kazi imekwisha. Sijui njia nyingine rahisi kiasi hiki ya kuifanya amplifaya ya zamani izungumze na simu ya kisasa.

Umeme wa kuiendeshea DAC nao uangaliwe. Inayotumia volti 5 za USB haikuletei shida ya chaja ya Marekani ya volti 120 inayoungua ikichomekwa kwenye volti 230 zetu, na chaja ikiharibika, mbadala inapatikana kila duka la simu. Umeme ukikatika unaweza hata kuiendesha kwa pawabenki, ingawa baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo mno.

Sasa kwa majina. SMSL SU-1 ya China, iliyokuwa ikiuzwa takriban dola 80, ina USB, optiki na koaksia, haina kioo wala kitufe cha sauti. Kwa mwenye amplifaya yenye rimoti au anayekaa jirani na kitufe, sioni sababu ya kwenda juu zaidi. Topping E30, iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 130 hivi, na mrithi wake E30 II, zina matundu hayohayo pamoja na rimoti na uwezo wa kudhibiti sauti; hizo ndizo ninazozipendekeza kwa sebule ya televisheni. Modi ya kampuni ya Marekani Schiit ilianza kwa dola 99 mwaka 2012 na bado ina heshima yake, lakini kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi nauli ya kuileta inaweza kuikaribia bei yenyewe. Chini kabisa kuna viboksi visivyo na jina maarufu vya kugeuza optiki kuwa RCA, vinavyojaa Kariakoo na Luthuli Avenue. Vinafanya kazi. Kelele yake hutofautiana kutoka kimoja hadi kingine, lakini kwa habari, mpira na tamthilia kupitia spika za kawaida, kimoja kizima kinatosha.

Kuhusu chipu, kuna tukio linaloeleza mengi. Oktoba 2020 kiwanda cha Asahi Kasei kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua, na chipu zake zikaadimika duniani. Watengenezaji waliozisifu kwa miaka mingi ilibidi wahame. Schiit waliihamishia Modi kwenye chipu ya ESS, Topping wakatoa D90SE yenye ESS pale ambapo D90 ilikuwa na Asahi Kasei, na vipimo vikabaki bora. Chipu ni sehemu moja tu. Umeme unaoilisha, saa inayoongoza sampuli, na saketi ya mwisho inayotoa volti ndivyo vinavyoamua kama uwezo wake utafika kwenye RCA, na hivyo haviandikwi kwenye boksi.

Zipo alama nyingine za boksini zisizostahili senti. MQA, iliyotangazwa mwaka 2014 kama njia ya kupakia ubora wa studio kwenye faili dogo, ilisukumwa sana na Tidal, huduma ya muziki ya mtandaoni. Kampuni yake ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi Aprili 2023, na Tidal wakahamia FLAC. Kilohezi 768 na biti 32 ni uwezo ambao muziki unaoupenda hautautumia. DAC zisizo na kichujio, zinazosifiwa kwa sauti laini, hupoteza takriban desibeli 3 kwenye kilohezi 20 zikicheza CD. Ulaini unaosikika ni tribo iliyokatwa, na hiyo amplifaya yako inaweza kuikata bure.

Bluetooth inadharauliwa kuliko inavyostahili. Kipokezi kizuri chenye mfumo wa kubana sauti wa LDAC hufika kilobiti 990 kwa sekunde, na hata AAC ya kawaida inatosha kwa wimbo unaotoka kwenye mtandao ukiwa umebanwa tayari. Mgeni akija anaunganisha simu yake bila kuomba waya. Tatizo lake ni picha: midomo na sauti vinaweza kuachana, kwa hiyo televisheni ipewe waya.

Na chanzo chenyewe kina bei, bei ya bando. Muziki wa kilobiti 320 hula megabaiti 144 kwa saa. Sauti ya CD isiyobanwa kabisa ni megabaiti 635, na FLAC huipunguza hadi kati ya nusu na theluthi mbili bila kupoteza kitu. Apple Music ilianza kutoa ubora huu mwaka 2021 bila kuongeza ada, Spotify ikafuata Septemba 2025. Mwenye Wi-Fi ya nyumbani autumie. Anayelipia bando la siku atapata faida zaidi akiachana na MP3 zilizochukuliwa kutoka kwenye video na kubanwa mara mbili, hata asipofika FLAC.

Kisha pesa iliyobaki. Spika nzuri kabisa ya bei ya kati, ikisukumwa kwenye besi, hutoa upotoshaji wa asilimia 1 au zaidi, ilhali DAC ya dola 80 iko karibu na asilimia 0.001 au chini yake. Sebule zetu za tofali na vigae, bila zulia wala mapazia mazito, hurudisha sauti kila upande, na kwenye besi chumba kinaweza kuinua noti moja na kuzamisha jirani yake kwa desibeli 10. Mwenye dola 400 za kuanzia, amplifaya anayo, ningemwambia asizidishe 100 kwenye DAC, 250 ziende kwenye spika, hata za mtumba zilizokaguliwa koni na ringi zake za mpira, na zinazobaki zinunue zulia na stendi za kuzitoa spika kwenye pembe za ukuta. Na mwenye amplifaya mpya iliyo na tundu la optiki au USB mgongoni mwake aanze kwa kuichomeka hiyohiyo kwenye televisheni na kompyuta, kwa sababu DAC iko ndani yake tayari. Zile dola 100 ziungane na za spika.